Ni watu wa taaluma zipi wanaofaa kusimamia mradi wa elimu ya zoolojia?

Mwalimu wa Biolojia ameuliza:

Wanajukwaa wenzangu, salamu kwenu nyote.

Ninafundisha biolojia katika chuo cha ualimu, na kwa muda sasa mimi na wenzangu kadhaa tumekuwa tukifikiria kuanzisha mradi wa elimu ya zoolojia ambamo wanachuo wataandika maelezo ya spishi za wanyama, maelezo hayo yapitiwe na wataalamu, kisha yawekwe mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuyasoma bila malipo. Kabla hatujaandika andiko la mradi, niliona ni vyema nifahamu miradi iliyotutangulia iliendeshwa na watu gani, na watu hao walisomea nini. Ninaposoma utambulisho wao ninakutana na vyeo vingi, kama vile profesa, msimamizi wa makusanyo, mhariri, mtaalamu wa mifumo ya habari na mshauri wa mitaala, lakini vyeo hivyo havinielezi kila mmoja anafanya kazi gani hasa, wala kwa nini mradi ungekwama bila yeye.

Mkuu wetu wa idara anaona kwamba wanazoolojia watatu wenye shahada ya uzamivu wanatosha kabisa. Mimi nina mashaka, ila sina hoja za kutosha za kumshawishi. Je, kiongozi ni lazima awe mtafiti wa wanyama? Mtu wa kompyuta aletwe mwanzoni au aitwe kazi ikishakamilika? Na sisi walimu tuna nafasi gani zaidi ya kukusanya kazi za wanafunzi? Nitashukuru kwa majibu ya wale waliowahi kushiriki kazi za aina hii.

---

Mtunza Vielelezo amejibu:

Mwalimu, hongera kwa wazo hilo. Nimefanya kazi kwa muda mrefu upande wa mamalia katika makumbusho ya viumbe, kwa hiyo nitajibu swali la kwanza, kwani hayo mengine wapo wanaoyajua kunizidi.

Mfano ulio karibu zaidi na mnachokusudia ni Animal Diversity Web ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Mwanzilishi wake, Phil Myers, aliuanzisha mradi huo mwaka 1995 akiwa profesa wa zoolojia na wakati huohuo msimamizi wa mamalia katika Makumbusho ya Zoolojia ya chuo hicho. Kazi hizo mbili zina uzito tofauti. Uprofesa ulimpa wanachuo wa kuandika maelezo, na makumbusho yakampa vielelezo vya kuyapimia. Utafiti wake ulihusu mamalia wa Paraguay na pia mamalia wadogo wa eneo la Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba spishi za kusini zilikuwa zikiongezeka na kusogea kaskazini, huku zile za kaskazini zikipungua, jambo walilolihusisha na kupanda kwa joto. Utafiti wa namna hiyo hauwezekani bila kumbukumbu za makumbusho zinazosema mnyama huyu alikamatwa hapa, tarehe hii, na nani. Mtu aliyezoea kuhoji lebo ya kielelezo ataihoji vivyo hivyo sentensi ya mwanachuo isemayo kwamba mnyama fulani anapatikana mahali fulani.

Nitoe mfano mdogo kutoka mezani kwangu. Mwanachuo aliniletea rasimu yake kuhusu kirukanjia, akiwa ameandika kwamba ni aina ya panya mwenye pua ndefu. Sikumwambia amekosea, niliweka mafuvu mawili mbele yake na lenzi. Kwenye fuvu la panya aliona meno mawili ya mbele juu na mawili chini, makali kama patasi, kisha pengo pana lisilo na jino, halafu magego. Kwenye fuvu la kirukanjia hapakuwa na pengo lolote. Safu nzima ilijaa meno madogo yenye ncha, ya mnyama anayekula wadudu, na kwa kuwa kirukanjia yule alikuwa wa kundi lenye meno mekundu, ncha zake zilikuwa na rangi inayotokana na madini ya chuma yaliyomo kwenye tabaka la juu la jino. Rasimu ya pili ilikuja ikiwa na aya nzima kuhusu meno, na aya hiyo ilikuwa bora kuliko yote aliyoyaandika.

Mfano mwingine ni AmphibiaWeb, iliyoanzishwa mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya David Wake. Alikuwa mtaalamu wa salamanda na aliwahi kuwa mkurugenzi wa Makumbusho ya Zoolojia ya Wanyama wenye Uti wa Mgongo ya chuo hicho. Mradi ule ulizaliwa wakati watafiti wa amfibia walipokuwa na hofu kubwa kwa sababu vyura walikuwa wakitoweka hata katika maeneo yaliyohifadhiwa. Waliouanzisha walikuwa wanawajua wanyama hao kwa kuwashika na kuwafuatilia miaka mingi, na ndiyo maana maelezo yao tangu mwanzo yalitilia mkazo hali ya spishi na sababu za kupungua kwake, wala hayakuishia kwenye rangi na urefu.

Kwa hiyo ndiyo, naamini kiongozi wa kitaaluma anapaswa kuwa mtafiti wa wanyama, tena aliyewahi kufanya kazi na wanyama wenyewe au vielelezo vyao. Shahada ya uzamivu peke yake hainiambii hilo. Mtu anaweza kuipata shahada hiyo kwa kuchambua vinasaba tu, na kazi yake ikawa ya thamani kubwa, lakini asiweze kutofautisha fuvu la kicheche na la nguchiro. Mtu huyo anafaa sana katika timu, mradi awe na mwenzake wa makumbusho kando yake.

---

Mpanga Data amejibu:

Nakubaliana na Mtunza Vielelezo, nami niongeze kuhusu swali la pili, kwa kuwa ndilo linaloharibu miradi mingi bila watu kutambua. Mtaalamu wa data aketi nanyi siku ya kwanza, kabla mwanachuo yeyote hajaandika sentensi.

Sababu ni hii. Kama wanachuo wataandika insha huru, mtakuwa na rundo la insha. Kama tangu mwanzo maelezo ya kila spishi yana sehemu maalumu za uzito, urefu, muda wa mimba, idadi ya watoto kwa kila uzazi, makazi, chakula na saa za shughuli, na kila tarakimu imeandikwa kwa kipimo kilekile, basi mtakuwa na insha na hifadhidata kwa pamoja. Animal Diversity Web walipita njia hiyo, wakatengeneza chombo cha kutafutia taarifa kinachoitwa Quaardvark, ambacho kinamwezesha mwanafunzi kuuliza maswali juu ya maelfu ya spishi kwa wakati mmoja.

Fikiria mwanafunzi anayetaka kujua ni mamalia gani wenye uzito wa chini ya gramu 100 wanaozaa mtoto mmoja tu kwa kila uzazi. Anatarajia kupata panya wa kila namna, kwa kuwa anajua wanyama wadogo huzaa watoto wengi na kwa haraka, naye anataka kuona wachache wasiofuata kanuni hiyo. Orodha inayomjia imejaa popo. Hapo anaanza kujiuliza mwenyewe kwa nini mnyama mdogo kiasi kile anazaa kama wanyama wakubwa, anafikiria uzito ambao jike hubeba angani akiwa na mimba, anafikiria umri mrefu wa popo, na somo zima la mikakati ya uzazi linafunguka kutokana na swali lake mwenyewe. Mwalimu hakumwambia lolote. Sehemu hiyo ya elimu iliandaliwa na mtu ambaye huenda hakuwahi kushika popo, lakini alijua kwamba uzito usipoandikwa kama tarakimu katika safu yake hautaweza kutafutwa kamwe.

Jambo la pili ni uainishaji, ambao hubadilika. Sengi, wanyama wadogo wenye pua ndefu, waliwahi kuwekwa pamoja na virukanjia na kalunguyeye katika kundi la wala wadudu. Ushahidi wa vinasaba ukawahamishia kwenye kundi moja na tembo, pimbi, nguva na muhanga. Tembo wa Afrika nao walitathminiwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, kwa mara ya kwanza kama spishi mbili mwaka 2021, yule wa savana akawekwa katika kundi la walio hatarini na yule wa msituni katika kundi la walio hatarini zaidi. Kama jina la kundi limeandikwa ndani ya kila ukurasa kwa mkono, mabadiliko ya namna hiyo yatawagharimu miezi ya kazi. Kama mti wa uainishaji umehifadhiwa mahali pamoja na kurasa zote zinasoma kutoka hapo, mtabadilisha tawi moja na mengine yatafuata yenyewe.

Kuhusu usuli wa watu wa upande wangu, msidhani kwamba wote ni wahandisi wa programu waliokodiwa. Mradi wa Tree of Life, tovuti inayoeleza nasaba ya viumbe hai, ulisimamiwa na ndugu wawili, David na Wayne Maddison, mmoja bingwa wa mbawakawa na mwingine wa buibui warukao, ambao pamoja waliandika programu ya MacClade ya kuchambua miti ya nasaba. Kwao biolojia na utayarishaji wa programu vilikaa ndani ya kichwa kimoja. FishBase, hifadhidata ya samaki, ilianzishwa na Daniel Pauly na Rainer Froese, wote wanasayansi wa bahari na uvuvi, katika kituo cha utafiti nchini Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 1980, na nidhamu yao kubwa ni kwamba kila taarifa inaonyesha chanzo chake. Kinyume chake, iNaturalist, jukwaa ambamo watu huweka taarifa za viumbe walivyoviona, ilianza mwaka 2008 kama kazi ya shahada ya uzamili ya wanafunzi wa Shule ya Habari, Berkeley, wala si wa idara ya zoolojia. Scott Loarie, ambaye ni mwanaikolojia, alijiunga baadaye. Njia ni nyingi, lakini katika zote mtu wa data alikuwa ndani ya chumba tangu asubuhi.

---

Mhariri Mwalimu amejibu:

Ndugu zangu mliotangulia mmesema vizuri, lakini mmewasahau watu wawili ambao bila wao kazi yote hii itabaki kuwa ya wataalamu kuzungumza na wataalamu. Nao ni mhariri na mtu aliyesomea elimu.

Nimehariri maelezo ya wanyama yaliyoandikwa na wanachuo, na nimekuwa mwalimu kabla ya hapo. Mhariri mwenye msingi wa biolojia hafanyi kazi ya kurekebisha nukta na mikato pekee. Anasoma kwamba mnyama fulani «huishi miaka 20» na anauliza: porini au kifungoni? Anasoma kwamba dume «humlinda» jike na anauliza ni nani aliyeliona hilo, na kama kilichoonwa ni dume kumfuata jike tu. Anakuta aya iliyoandikwa kwa ufasaha wa ghafla usiofanana na aya nyingine, na anaifuatilia mpaka ajue imetoka wapi. Kazi hii inahitaji mtu anayelipwa na aliyetengewa muda, kwa sababu profesa mwenye madarasa na utafiti ataifanya kwa moyo muhula wa kwanza, kisha rasimu zitaanza kurundikana.

Katika Animal Diversity Web, chini ya maelezo huonyeshwa jina la mwandishi, jina la mhariri na mara nyingi la mwalimu aliyesimamia, pamoja na vyuo vyao. Utaratibu huo naupenda sana. Mwanachuo anajua jina lake litasomwa na watu asiowafahamu, na msomaji anajua kwamba aliyeandika ni mwanafunzi na aliyepitia ni nani. Mradi wenyewe unasema wazi kwamba maelezo yake kwa sehemu kubwa yameandikwa na wanachuo kwa ajili ya wanachuo, na kwamba hauwezi kuthibitisha kila taarifa iliyomo. Mimi nauamini zaidi mradi unaosema hivyo kuliko ule unaojaza vyeo bila kueleza nani alisoma nini.

Sasa kuhusu elimu. Chuo hichohicho cha Michigan kilikuwa na mradi wa BioKIDS kwa ajili ya wanafunzi wa umri mdogo zaidi, ambamo Nancy Songer, mtaalamu wa elimu ya sayansi, alifanya kazi pamoja na timu ya Myers, na shule za Detroit zikashiriki. Hawakuchukua maelezo ya wanachuo na kuyafupisha tu. Waliyaandika upya kwa lugha ya watoto, na wakawatoa watoto nje ya darasa wakahesabu wanyama waliopo kwenye viwanja vya shule, wakarekodi walichokiona kwa vifaa vya mkononi vyenye programu ya CyberTracker, kisha wakajenga hoja kutokana na takwimu zao wenyewe. Mwanazoolojia anajua ni kipi sahihi kuhusu mdudu. Mtaalamu wa elimu anajua kwamba mtoto wa miaka kumi na moja akiulizwa kwa nini anaamini jambo fulani atarudia jambo lenyewe badala ya kutoa ushahidi, na anajua namna ya kuuliza ili ushahidi utoke. Hayo ni maarifa ya kitaaluma yenye utafiti wake, na anayeyadharau hawajui watoto.

CyberTracker yenyewe inafundisha kitu kuhusu swali lako, Mwalimu. Ilibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990 chini ya Louis Liebenberg kwa ajili ya wafuatiliaji wa nyayo, ambao baadhi yao hawakujua kusoma wala kuandika, na ndiyo maana ilitumia picha badala ya maneno. Mtu anayesoma nyayo akatambua mnyama, mwendo wake na saa aliyopita hana cheti, lakini ni mjuzi wa tabia za wanyama kwa kiwango ambacho wengi wetu wenye shahada hatukifikii. Mkiandika orodha ya watu wa mradi wenu, waandikeni na hawa kwa majina yao na kwa ujuzi wao, wala msiwafiche ndani ya neno «wasaidizi».

---

Mwalimu wa Biolojia ameongeza:

Nawashukuru sana. Hoja ya data nitaifikisha kwa mkuu wa idara leo hii, na ya mhariri pia. Nimebaki na maswali mawili. La kwanza, kama fedha zinatosha kuajiri mtu mmoja tu wa kudumu, huku wengine wakijitolea, huyo mmoja awe nani? La pili, tuandike nini katika utambulisho wa kila mshiriki ili msomaji apate kitu cha maana?

---

Mhariri Mwalimu amejibu:

Mwajirini mhariri mwenye shahada ya biolojia na uzoefu wa kufundisha. Mwanazoolojia wenu tayari ana mshahara wa chuo, na kupitia rasimu za wanachuo wake ni sehemu ya kufundisha kwake. Mtaalamu wa data anaweza kupanga muundo kwa mkataba mfupi kisha akarudi kwa vipindi. Mhariri akikosekana wiki tatu, kazi inasimama.

Katika utambulisho, taja kundi la wanyama ambalo mtu amelifanyia kazi, mahali na namna alivyolifanyia, kisha jukumu lake ndani ya mradi. «Ana shahada ya uzamivu ya zoolojia» haitoshi. «Amechunguza mlo wa popo wala matunda kwa kuchambua mbegu kwenye vinyesi, na katika mradi huu anapitia maelezo yote ya popo» inamwezesha msomaji kujua ni ukurasa upi umepitiwa na mtu anayelijua jambo. Inamwezesha pia kuona mapengo: kama timu nzima ni ya mamalia na ndege, basi kurasa za wadudu zinahitaji mpitiaji kutoka nje, na hilo lisemwe waziwazi.

---

Mpanga Data amejibu:

Naafiki kuhusu mhariri, ingawa ningeomba mkataba huo mfupi usiwe mfupi mno. Nami niongeze jambo moja ambalo andiko lenu lisilikose, yaani nani atarithi.

Arkive, maktaba ya mtandaoni ya picha na filamu za viumbe, ilizinduliwa mwaka 2003 kutokana na wazo la Christopher Parsons, mtengenezaji wa filamu za wanyama aliyewahi kuongoza Kitengo cha Historia ya Asili cha BBC. Alikuwa na usuli mzuri kabisa kwa kazi ile, kwa sababu alijua picha na filamu za spishi zilizo hatarini zimetawanyika katika makabati ya watu na mashirika, na alijua nani wa kumwomba. Alifariki mwaka 2002, kabla ya uzinduzi. Mradi uliendelea na kuwafaidi walimu wengi duniani, lakini mwaka 2019 ulifungwa kwa kukosa fedha. Tree of Life nayo haijasasishwa kwa miaka mingi, ingawa kurasa zake bado zinasomeka.

Animal Diversity Web ilikaa ndani ya makumbusho na chuo, ikapata ruzuku za Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, na zaidi ya yote ilifungamanishwa na kozi, kwa hiyo kila muhula ulileta waandishi wapya bila gharama ya ziada. Ninyi ni chuo cha ualimu, na hiyo ni nguvu yenu. Ingizeni uandishi wa maelezo ya spishi katika kozi yenye alama. Hifadhini nakala ya data yote katika maktaba ya chuo, kwa muundo rahisi unaofunguka bila programu maalumu. Na kwa kila jukumu andikeni majina mawili, la anayelishika sasa na la anayejifunza kulishika.

---

Mtunza Vielelezo amejibu:

Kuhusu hilo la jina la pili, upande wa zoolojia msimtafute profesa mwingine. Mchukueni mwanachuo wa mwaka wa pili ambaye rasimu yake ilirudi na maswali mengi kuliko majibu, mpeni ufunguo wa chumba cha vielelezo, na mwambieni apitie rasimu za wanaomfuata kabla hazijamfikia mhariri. Atajifunza uainishaji kwa kasi kuliko darasani, naye mhariri atapata rasimu zilizokwisha kulinganishwa na kielelezo halisi. Kama chuo hakina vielelezo, andikeni barua kwa makumbusho yoyote ya viumbe mkieleza mradi wenu na makundi mnayoanza nayo. Wasimamizi wengi wa makusanyo hupokea maombi ya watafiti mara kwa mara na ya walimu kwa nadra, na ninaowafahamu mimi wangefurahi kuyapokea.